Je, Wajua? Bariamu Hujifanya Seriamu, Chuma Huificha Disprosiamu

Kusini mwa Bujumbura, kwenye vilima vya Gakara, kuna mishipa ya mawe ya kahawia yenye umanjano iliyogunduliwa mwaka 1936. Ukiliokota moja, uzito wake utakushtua. Jiwe hilo ni bastnasiti, mara nyingine ikichanganyika na monaziti, na katika sampuli nyingi za Gakara karibu nusu ya uzito, au hata zaidi, ni oksidi za madini adimu. Sehemu chache sana duniani zina mawe tajiri kiasi hicho.

Ila mnunuzi hanunui "madini adimu" kwa jumla. Anataka kujua ndani yake mna neodimiamu kiasi gani na praseodimiamu kiasi gani, kwa sababu hizo ndizo zinazotengeneza sumaku za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Seriamu na lanthanamu, ambazo ndizo zinazojaa humo, bei yake ni ya chini mno zikilinganishwa na hizo mbili. Kwa hiyo jiwe lilelile linaweza kuwa mali au kuwa mzigo, kutegemea karatasi itakayotoka maabara. Na maabara, kabla ya kuandika karatasi hiyo, inabidi ivuke mitego kadhaa ambayo mingi imewanasa wanasayansi wakubwa.

Je, wajua kwamba tindikali haiwezi kuzitofautisha, lakini mwanga unaweza?

Elementi za madini adimu ni 17: kumi na tano zinazofuatana kutoka lanthanamu hadi lutetiamu, kisha itriamu na skandiamu. Kikemia zinafanana kupita kiasi. Tindikali inayoyeyusha moja huyeyusha na jirani yake, na dawa inayoidondosha hii chini ya chupa huidondosha na ile. Sababu ni kwamba ushirikiano wa kikemia hufanywa na elektroni za nje za atomu, na elektroni za nje za elementi hizi zinakaribia kuwa sawa. Tofauti yao imo ndani, kwenye kundi la elektroni lililozingirwa na elektroni nyingine.

Kule kujificha ndiko kunakowanufaisha watu wa maabara. Elektroni hizo za ndani humeza mwanga wa rangi mahususi, na kwa kuwa zimekingwa, majirani zake ndani ya jiwe hawazivurugi. Chuma na shaba zikiwa ndani ya jiwe huacha kwenye spektra, yaani mwanga uliotawanywa kuwa rangi zake, ukungu mpana usio na kingo. Neodimiamu huacha mikanda myembamba, mikali, iliyo palepale kila mara: karibu na nanomita 580 kwenye manjano, kisha 740, 800 na 870 ambako jicho halifiki vizuri au halifiki kabisa. Hata likiwa jiwe gumu ambalo halijaguswa na nyundo, mikanda hiyo husomeka.

Kuna zinazokwepa mtego huu. Lanthanamu haina hata elektroni moja katika kundi lile la ndani, na lutetiamu kundi lake limejaa pomoni, kwa hiyo zote mbili hazimezi rangi yoyote ya mwanga tunaouona. Seriamu, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote, nayo haiachi alama ya namna hiyo kwenye mwanga wa kawaida. Anayetumia mwanga huu peke yake ataisoma neodimiamu vizuri, halafu akisie nyingine kwa kuwa hutembea pamoja.

Je, wajua kwamba taa ya dukani inaweza kuwa kipimo cha kwanza?

Chukua kioo kilichotiwa neodimiamu. Nje juani ni cha zambarau hafifu. Kiingize chumbani chini ya taa ya tyubu au ile balbu ya zamani ya kubana matumizi, na kitageuka samawati. Baadhi ya bastnasiti na monaziti hubadilika pia, kutoka kahawia au pinki kuelekea kijani. Unga wa oksidi ya holmiamu hufanya kinyume: manjano juani, pinki chini ya tyubu.

Hakuna uchawi. Jua hutoa rangi zote mfululizo, lakini taa hizo hutoa rangi chache zilizochaguliwa, na jiwe likimeza moja kati ya hizo chache, kinachobaki kina sura nyingine kabisa. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba wekundu wa taa hizo hutokana na europiamu na kijani chake na tebiamu. Madini adimu yaliyo kwenye taa yanawaumbua ndugu zao waliomo kwenye jiwe.

Mafundi wa vioo walilitambua hilo zamani. Miwani yao ina neodimiamu na praseodimiamu, ambazo humeza ule mwanga mkali wa manjano wa sodiamu, nanomita 589, unaotoka kwenye kioo kinapochomwa. Fundi huona kazi yake badala ya kuona moto.

Je, wajua kwamba kijiji kimoja cha Uswidi kimezipa majina elementi nne?

Ytterby, kwenye kisiwa cha Resarö karibu na Stockholm. Mwaka 1787 luteni wa jeshi, Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi zito kwenye machimbo ya kijiji hicho. Johan Gadolin, aliyekuwa akifundisha Åbo nchini Finland, alilichambua na mwaka 1794 akatangaza kwamba ndani yake mna kitu kipya. Kutoka kwa jiwe hilo na ndugu zake zilipatikana itriamu, iterbiamu, tebiamu na ebiamu, zote zikibeba jina la Ytterby.

Kilichofuata ni karne nzima ya vurugu. Carl Gustaf Mosander alitoa lanthanamu mwaka 1839, kisha akatangaza nyingine aliyoiita didimiamu. Kwa zaidi ya miaka 40 didimiamu iliandikwa vitabuni kuwa ni elementi kamili. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach wa Vienna aliiyeyusha na kuigandisha tena na tena, akiitazama spektra kila hatua, mpaka ikagawanyika vipande viwili: chumvi za kijani na chumvi za zambarau. Hizo ndizo praseodimiamu na neodimiamu.

Kugandisha tena na tena ni maneno mepesi. Charles James wa New Hampshire, Marekani, ili apate thuliamu safi mwaka 1911, alirudia kazi hiyo mara zipatazo 15,000.

Je, wajua kwamba jua liliteketeza kazi ya Bunsen?

Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, wakiwa Heidelberg, ndio walioonyesha mwaka 1859 na 1860 kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari yake ya mwanga isiyofanana na ya nyingine. Kwa njia hiyo wakaipata siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Baadaye Bunsen alijifungia na madini adimu, akipima mistari inayotolewa na cheche za umeme. Mwaka 1874, muswada wa kazi hiyo ukiwa tayari, aliondoka mezani, na aliporudi akakuta majivu. Mwenyewe aliamini kwamba chupa ya maji iliyokuwa mezani ilikusanya miale ya jua na kuwasha karatasi. Akaanza upya, na mwaka uliofuata kazi ikachapishwa.

Je, wajua kuhusu elementi ambazo hazikuwahi kuwapo?

Philippiamu. Decipiamu. Mosandriamu. Victoriamu. Celtiamu. Orodha ni ndefu. Kila moja ilitangazwa na mtu makini aliyeona mistari mipya kwenye spektra yake, na kila moja ilikuwa ni mchanganyiko wa elementi zinazojulikana au uchafu kidogo tu. Mistari ilikuwa ya kweli. Tafsiri ndiyo iliyoteleza. William Crookes, aliyeitangaza victoriamu, hakuwa mbabaishaji: yeye ndiye aliyeigundua thaliamu mwaka 1861, kwa spektra.

Wapo waliokuwa na jicho zuri. Mfaransa Eugène-Anatole Demarçay aliisoma spektra kwa ustadi ambao wenzake waliustaajabia. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie walimpelekea unga wao wa mionzi, naye akaona mstari usio wa elementi yoyote aliyoijua. Ukawa ushahidi wa radiamu. Mwaka 1901 akaitenga europiamu.

Aliyeikomesha vurugu hiyo alikuwa kijana wa Kiingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913 aliacha mwanga wa kawaida akapima eksirei zinazotolewa na elementi, akakuta kwamba masafa yake hupanda kwa ngazi zinazofuata namba ya atomu. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kuhesabu: kati ya lanthanamu namba 57 na lutetiamu namba 71 hakuna nafasi ya wageni. Mwaka 1914 Georges Urbain alisafiri kutoka Paris hadi Oxford na sampuli zake, pamoja na ile celtiamu aliyoitangaza yeye mwenyewe. Moseley alizipima kwa muda mfupi tu. Mfaransa, aliyetumia miaka kuzitenga, alielezwa kilichomo, na celtiamu haikuwamo. Moseley aliuawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Hesabu yake iliacha tundu kwenye namba 61. Wamarekani wakadai wamelijaza kwa illiniamu, Waitaliano kwa florentiamu, wote wakiegemea spektra, wote wakikosea. Promethiamu, ambayo ndiyo yenye namba hiyo, haina isotopu (aina ya atomu yenye uzito wake) hata moja iliyo imara, na ilipatikana mwaka 1945 kwenye mabaki ya tanuri la nyuklia huko Oak Ridge. Ndiyo maana ripoti ya maabara ya leo huorodhesha elementi 14 za familia ya lanthanamu badala ya 15.

Je, wajua kwamba kipimo cha mkononi kinaweza kukuuzia bariamu kwa jina la seriamu?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu kosa hili linatokea mpaka leo, na linagharimu watu pesa.

Kifaa kinachobebwa na wachimbaji wengi siku hizi ni kile cha umbo la bunduki kinachorusha eksirei kwenye jiwe na kusoma eksirei zinazorudi, yaani kanuni ya Moseley iliyowekewa betri. Seriamu hujibu kwa mstari wake mkuu kwenye keV 4.84 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei). Bariamu ina mstari kwenye keV 4.83. Kifaa hicho hakiwezi kuitenganisha mistari iliyokaribiana namna hiyo. Kinaona kilele kimoja. Laiti bariamu ingekuwa ngeni kwenye mawe haya, lakini sivyo. Mengi ya madini haya hukaa kwenye kabonatiti, miamba iliyotokana na magma yenye kabonati nyingi, na kabonatiti hupenda kubeba bariti, ambayo ni madini ya bariamu. Ngualla, mkoani Songwe nchini Tanzania, bastnasiti imelala pamoja na bariti na oksidi za chuma kwenye udongo uliomomonyoka.

Programu ya kifaa hujitetea. Huitafuta bariamu kwenye mstari wake mkuu, keV 4.47, inakisia ukubwa wa ule mwingine, kisha inaupunguza. Sawa, ila titaniamu nayo iko keV 4.51. Na disprosiamu, ambayo ni ghali kuliko neodimiamu kwa kilo, ina mstari wake mkuu keV 6.50 huku chuma, kilicho maelfu ya mara zaidi ndani ya jiwe, kikiwaka keV 6.40. Disprosiamu inamezwa hadharani.

Dawa yake ipo kwa elementi nyepesi za familia hii, kama seriamu: ongeza nguvu ya eksirei hadi kilovolti 50 na usome mistari ya juu, ambako bariamu iko keV 32 na seriamu karibu 35. Hapo zinaachana vizuri. Vifaa dhaifu havifiki huko. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kioo cha bunduki hiyo kimeandika seriamu nyingi, swali la kwanza si bei. Muulize kilovolti ngapi.

Je, wajua kwamba bariamu hiyohiyo hurudi kwa jina la europiamu?

Maabara kubwa haziishii kwenye eksirei. Sampuli husagwa iwe unga, huyeyushwa, kisha hupulizwa kama ukungu kwenye moto wa gesi ya agoni wenye joto linaloushinda uso wa jua. Atomu hupoteza elektroni, hupita kwenye mtambo unaozichambua kwa uzito wake, na zinahesabiwa. Kinachotoka huko nacho huitwa spektra, ingawa ni ya uzito, haina rangi ndani yake.

Europiamu ya asili ina isotopu mbili tu, ya 151 na ya 153. Sasa piga hesabu: bariamu ya 135 ikikamata oksijeni ya 16 njiani, jumla ni 151. Bariamu ya 137 ikifanya hivyo, jumla ni 153. Milango yote miwili ya europiamu ina mwigaji. Praseodimiamu yenye oksijeni huiga gadoliniamu ya 157, na neodimiamu ya 143 yenye oksijeni huiga tebiamu, ambayo ina isotopu moja tu ya asili, 159.

Mafundi huipima tabia hiyo kila asubuhi kwa kutazama ni seriamu ngapi inayopita ikiwa imeshikana na oksijeni, na huurekebisha moto mpaka kiasi hicho kishuke kufikia asilimia chache tu.

Halafu wana hila nzuri zaidi, ya karatasi na kalamu. Elementi zenye namba shufwa ni nyingi kuliko majirani zake wenye namba witiri, kwa hiyo ukizichora kwa mpangilio unapata meno ya msumeno. Wanajiolojia hugawa kila tarakimu kwa kiasi kilichomo kwenye vimondo vya kale, meno yanapotea na mchoro unakuwa mstari laini. Jino likibaki, mara nyingi mtu amekosea. Isipokuwa europiamu, ambayo ina haki ya kupanda au kushuka, kwa sababu inaweza kubadilisha chaji na kujipenyeza kwenye madini ya feldispa. Mawe ya volkano yaliyoletwa na Apollo 11 mwaka 1969 yalikuwa na shimo kubwa mahali pa europiamu, na shimo hilo likawa ushahidi kwamba ganda jeupe la mwezi lilikwisha kuibeba. Lakini kabonatiti kwa kawaida hazina kilele wala shimo hapo. Ukiona kilele cha europiamu kwenye jiwe la kabonatiti lenye bariti tele, ishuku bariamu kwanza.

Na mambo mengine machache, kwa ufupi: seriamu kwenye ganda la dunia inakaribiana na shaba kwa wingi, na thuliamu, iliyo haba karibu kuliko zote katika familia yake, inaizidi fedha. Noti za euro zikiwekwa chini ya taa ya urujuanimno huwa na sehemu zinazong'aa wekundu ambao wakemia wa Uholanzi waliupima wakautambua kuwa ni wa europiamu. Na mashine za kupima mwanga kwenye maabara za dawa hukaguliwa kwa kipande cha kioo chenye holmiamu, kwa vile mikanda yake haihami.

Je, wajua kwamba karabai ilikuwa na madini adimu?

Auer von Welsbach, yuleyule aliyeigawa didimiamu, ndiye aliyebuni kile kifuko cheupe kinachofungwa ndani ya karabai, kikawashwa mara moja kikawa majivu yanayong'aa. Mchanganyiko wake uliokuja kushinda ulikuwa asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Punguza ile moja na mwanga unafifia. Iongeze na mwanga unaharibika. Vyote viwili vilitoka kwenye mchanga wa monaziti, na thoriamu ni ya mionzi.

Huyo ndiye mgeni asiyealikwa katika sampuli nyingi za madini haya. Mrima, Kwale nchini Kenya, ni kilima chenye niobiamu na madini adimu, na pia kaya ya Wadigo, yaani mahali pao patakatifu, yenye msitu wake. Udongo wake hutoa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, na thoriamu ndiyo sababu kubwa. Bastnasiti huwa na thoriamu kidogo, monaziti huwa nayo nyingi, na mawe yote mawili yanaweza kukaa kwenye mshipa mmoja.

Kwa hiyo anayepeleka jiwe lake maabara aombe mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi. Kwanza, namna lilivyoyeyushwa: tindikali peke yake huacha baadhi ya madini magumu chini ya kikombe, na majibu yanatoka pungufu bila mtu kujua, aombe unga uyeyushwe kwanza kwa chumvi ya litiamu au ya sodiamu ndani ya tanuri. Pili, kiasi cha bariamu, kiandikwe jirani na europiamu. Tatu, thoriamu na uraniamu, kwa gramu kwa tani, kabla hajakodi lori.